Kubali Uende Nyumbani

Mbotela, Nairobi

Kwa Mama mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Kimilili, na kwamba goti limepoa. Sisi huku tunapumua. Kusema tu wazima kungekuwa kukudanganya, nawe hukunizoeza uongo, isipokuwa ule mmoja. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungelia, nami ningekata.

Ile kazi ya uwanja wa ndege nimeikosa. Msimamizi wetu, Bwana Ndolo, alikuwa amenipendekeza nitoke kibarua cha ghala la nje, niandikwe kazi ya kudumu ya kupakia mizigo kwenye ndege zenyewe. Kuvuka lile lango kunahitaji pasi ya usalama, na pasi haitoki bila cheti cha tabia njema. Nikachukuliwa alama za vidole huku nikitabasamu kama bwana harusi. Majibu yaliporudi, yalisema nimewahi kupatikana na hatia ya kumiliki bangi.

Unakumbuka, Mama. Tulikuwa tukiishi Huruma, msako wa polisi ukapita, nikazolewa pamoja na vijana wenzangu, na msokoto nisioujua ukaandikwa kuwa wangu. Kortini ulikaa benchi la nyuma ukinipungia mkono nikubali, maana mtaani kila mzazi alijua kwamba anayekubali hulipiwa faini akalala kwao, na anayekataa huozea rumande. Nikakubali. Jioni ukanipikia kuku, tukala tukicheka.

Nilimweleza haya Bi Kathini wa ofisi ya pasi. Alinisikiliza kwa upole, kisha akasema rekodi haiulizi kama nilifanya, inaonyesha tu kwamba nilikubali mwenyewe, na muda wa kukata rufaa ulipita zamani. Ndolo naye, aliyekuwa akiniita ndugu, sasa hataki hata nishike ufunguo wa ghala. Ati mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nilitamani kumpiga.

Sasa lililonisukuma kuandika. Jumamosi iliyopita mjukuu wako Opicho alizolewa nje ya kinyozi, kwa kosa lilelile. Mke wangu Triza alikimbilia wenzake wa chama cha akiba wakamchangia faini, na majirani wote wakamwambia kijana, "We kubali tu, uende home." Lakini mimi niliwahi kufika seli kabla yao, nikamwapisha mwanangu akatae. Akakataa mbele ya hakimu, kwa sauti ambayo mimi sikuwa nayo siku yangu. Dhamana imetushinda, kwa hiyo yuko rumande hadi kesi itajwe mwezi ujao. Triza hasemi nami. Atakupigia akuombe uuze ndama. Uamuzi ni wako, mimi sina tena uso wa kukushauri.

Na hili hata Triza halijui. Kule seli Opicho aliinamisha kichwa akaniambia msokoto ulikuwa wake kweli, na kwamba angependa kukubali kwa kuwa ndio ukweli. Nikamwambia anyamaze. Mimi sikuwa na kitu, nikakubali. Yeye alikuwa nacho, nikamkataza. Miaka yote hii nimekuwa na hasira nawe, Mama, na sasa sijui niiweke wapi.

Nisalimie shangazi Nabalayo na wote wa boma. Mwombee Opicho kwa jina lake. Langu liache kwanza.

Mwanao,
Patrobas