Pumzi Kabla ya Rozari

Mjukuu wangu Keza,

Natumaini chuo huko Arusha kinakwenda vizuri. Hapa Kinyinya hatujambo, ila mafundi wa jirani wanatutilia vumbi mpaka kwenye chai. Mama yako anakusalimu.

Unaniuliza kama kuvuta pumzi kabla ya sala ni upagani. Nani kakwambia upuuzi huo? Juzi wanawake wa jumuiya walinikuta nimefumba macho, navuta pumzi na kuishusha kabla ya rozari. Wakaniwekea mikono kichwani, eti wanitoe pepo! Mpaka sasa nimechukia.

Nikiwa msichana kule Karagwe, niligombana na dada yangu, nikaingia jikoni nimefura. Nikapuliza moto kwa hasira, majivu yakanirukia machoni. Mama hakunigombeza. "Vuta pumzi," alisema, "halafu ishushe taratibu." Nikapuliza tena, kuni zikashika. Ndipo akasema, "Sasa tusali."

Tangu hapo nasali hivyo kila asubuhi. Mungu alimpulizia Adamu pumzi puani, hakumpigia kelele.

Jumamosi wanawake wale wa jumuiya wanarudi. Nitavuta pumzi, nitaishusha taratibu, nitawapa chai. Lakini atakayenigusa kichwa tena, huyo pepo atamwona.

Bibi yako