Vidole vya Svea

Jumatatu, 6 Februari 1984
Baridi ya kukata masikio. Nimefika Rågsved, pembeni mwa Stockholm, mzee Elof ninayemtunza keshaamka. Miaka themanini na mitatu, bado anaamka saa za kukamua! Namwosha, namvisha, namnywesha kahawa. Leo kanisimulia shamba la baba yake huko Småland, kusini mwa Sweden. Ng'ombe saba, viazi, mawe matupu. Mwaka 1913 parokia iliwaletea yatima wa kulea, Svea, miaka tisa. Kulea! Alilala zizini. Alikula tulichobakiza, kasema mzee — kama anazungumzia mbwa.

Jumatano, 8 Februari
Leo mzee kalia. Elof mwenyewe ndiye aliyesahau kufunga zizi. Ndama akatoka, akafa thelujini. Baba akauliza ni nani. Elof, miaka kumi na miwili, akamnyooshea kidole Svea. Mtoto akavuliwa viatu, akasimamishwa nje. Elof akamtazama dirishani, anakula mkate. Vidole vitatu vya mguu vikafa kwa baridi, vikakatwa. Parokia ikamhamisha. Basi.
Nilikuwa namwosha miguu. Vidole kumi, vyote vipo. Nikasugua kwa nguvu mpaka akaguta.

Ijumaa, 10 Februari
Anataka msamaha kabla hajafa. Svea yu hai — yuko Spånga, hapa hapa Stockholm! Mzee aliona jina lake gazetini, kwenye tangazo la msiba wa mumewe, miaka sita iliyopita. Akanyamaza tu. Leo kanibembeleza nipige simu. Nikamweleza yule bibi. Akauliza:
"Anaweza kutembea?"
"Bila mimi, hawezi."
"Nitakuja Jumanne."
Mzee kafurahi! Kataka keki.

Jumanne, 14 Februari
Theluji tangu alfajiri. Naandika jikoni kwa mzee. Svea kaja na fimbo, anachechemea. Elof, kwenye kiti chake cha magurudumu, kalia, kasema nisamehe, nilikuwa mtoto.
"Hata mimi," kasema Svea.
Keki hakuigusa. Kaniuliza nani humvisha soksi. Mimi, nikasema. Kapiga magoti polepole, kamvua soksi, moja, ya pili. Elof katabasamu — alidhani anakandwa! Svea kaniambia kwa upole: "Tuache kidogo, tafadhali."
Nikatoka. Nikafunga mlango.
Nimesikia komeo la mlango wa roshani likifunguliwa. Kiti cha magurudumu kimesogea, kimetoka nje. Baridi inapita chini ya mlango, inanifika miguuni.
Elof ananiita. "Trufosa!"
Ndiyo, nasikia. Mara ya tatu sasa. Kahawa yangu bado ya moto.