Jeshi Lililofuata Visima

Mjukuu wangu Naserian,

Bado nausikia mluzi wa babu yako, ule wa kugeuza ng'ombe, alioupiga kwenye simu siku aliponishinda. Huku Karatu tu wazima, mvua imenyesha, na yeye anakusalimu kutoka Loliondo. Wenzako wakicheka kwamba una koko wa miaka ishirini na saba, waambie bibi huyu ni mdogo wa mwisho wa babu yako.

Umeniuliza kama uache klabu ya michezo ya vita vya kale, kwa kuwa umeshindwa vibaya mchezo wa kwanza.

Nilipomaliza kidato cha sita nilicheza mchezo kama huo na babu yako kwa barua pepe. Kila wiki tulitumiana amri za majeshi yetu. Nilikuwa nimesoma historia, nikawatangazia ndugu wote kwamba nitamshinda. Jeshi langu lilikata jangwa moja kwa moja kuelekea mji tuliokuwa tukiugombea. Lake lilizunguka kutoka kisima hadi kisima.

"Kaka, umepotea?" nilimwandikia.

"Punda wako wanakunywa nini huko, profesa?" akajibu.

Sikuwa nimewafikiria. Wiki ya tisa punda wote wa mizigo walikuwa wamekufa kwa kiu, jeshi langu likakwama jangwani, naye akaingia mjini bila kupigana. Nilicheka hadi machozi. Miaka yote nilimwona akichunga, nisijue kwamba namtazama mtu akifikiri.

Kuhusu klabu, sitakuamulia. Ila nimeshaanzisha mchezo mpya, wewe dhidi yangu, na amri zangu za kwanza nimekutumia leo asubuhi.

Koko wako,
Nashipai