Ng'ombe Weupe Kwenye Picha

Mwangaluka mayu, mama yangu,

Mimi mzima, nasoma, na Jumamosi nafundisha watoto wa huku Korea Kiingereza, nipate hela ya kula. Hawa watoto kwa maswali! Wanataka kujua kama ng'ombe wetu wana majina, na kama wanaogopa fisi. Jana niliwaonyesha picha mpya ya zizi letu hapo Nkololo, aliyonitumia kaka Ngassa. Mtoto mmoja akailinganisha na ile ya zamani niliyobandika ukutani, akauliza, "Mwalimu, hawa weupe wametoka wapi?"

Nikawahesabu mmoja mmoja. Baba hajawahi kufuga ng'ombe weupe, na pamba mwaka huu haikutoa kitu.

Mayu, mdogo wangu Milembe bado yuko kidato cha pili. Kama hao ni mahari yake, warudisheni kabla hawajalizoea zizi.

Mwanao,
Specioza