Filamu Iliyonuka Siki

Voi, Alhamisi, 1998

Leo tena nimeandika "haisomeki" kwenye fomu, na mikono bado inanuka siki, harufu ya filamu inayooza.

Mama Mghoi alishuka kutoka Wusi asubuhi. Picha pekee ya marehemu mumewe ilitoka gazetini, na mimi ndiye ninayekagua filamu zilizonakiliwa kurasa za magazeti ya zamani kabla hazijapelekwa Nairobi kuingizwa kwenye kompyuta. Nilifungua mkebe mbele yake. Filamu ilikuwa imejikunja na kushikana. Nilipoivuta, ikakatika.

"Hata uso tu, mwanangu?"

"Hakuna kitu, mama."

Akanishukuru. Mimi, wa kushukuriwa!

Kisha akauliza kama gazeti lenyewe lipo. Nikasema sijui. Magazeti yote niliyachoma mwenyewe nyuma ya ofisi yalipokwisha kunakiliwa, kwa sababu tuliambiwa filamu haiozi.