Kisahani Kitupu cha Maabara

Shoga, kitendawili: nina nyumba ya milango miwili, bahari ilikufa karibu yote, ukoo wangu ukabaki.

Ni vidudu vya kale, ndugu wa kamba wa baharini, vidogo kama chembe ya chumvi. Mtaalamu wa maabara ninayosafisha alipanga maganda yao ya vipande viwili kwenye kisahani, ya koo zilizotoweka huku, ya zilizopona kule.

Leo kisahani kitupu.

Kaniita mbele ya wanafunzi wake: "Bibi, umefagia miaka mitatu ya kazi yangu. Kesho usije."

Mimi, ambaye meza ile siigusi hata kwa pumzi. Mdomo ule ningeujaza dekio, Mungu anisamehe.

Nikamuuliza, "Feni nani kaiwasha?" Akatazama dari.

"Nimeikuta inazunguka juu ya meza ile. Nani kaiwasha?"

Wanafunzi wakatazama viatu vyao. Yeye akajifuta jasho.

"Mimi," akasema. "Nilisikia joto."