Babu Wafula Hakutoroka

Kaka Simiyu mpendwa,

Nakusalimu kutoka joto la Mombasa. Wifi amepata nguvu? Mtoto ananyonya vizuri? Huko Matisi kuna baridi, mfunikeni. Mimi ni mzima, na naandika kwa furaha: mwite mwanao Wafula. Babu Mdogo amekubali kwa mdomo wake mwenyewe.

Baba wa mwenye nyumba wangu, Mzee Faki, alikuwa mpishi melini. Jumapili nilimtajia Njiwa, ile meli ya abiria ambayo Babu Wafula alionekana akiipanda wakati wa vita, asirudi tena, watu wakasema ametoroka jeshi. Mzee akaweka kikombe chini.

"Njiwa? Nimepika humo."

Kaka, meli hiyo ilikuwa ikipeleka watu Tanga, Unguja na Lindi. Vita vilipokuja jeshi likaichukua, pamoja na vitanda na mapazia yake, na askari wakajazwa vyumba vya chini. Ikapigwa kombora baharini. Mashua moja tu ilifika nchi kavu, ya mabaharia na wapishi.

"Askari hakutoka hata mmoja," Mzee alisema. "Niliwasikia."

Sikulia. Nilipiga simu Bungoma papo hapo.

"Ati askari aende vitani kwa meli ya mapazia?" Babu Mdogo akacheka. "Huyo ndugu yangu alienda kuoa, bana. Jina la mtoro halipewi mtoto."

Mzee Faki akaninyang'anya simu. "Nyie watu wa bara mwadhani meli ya vita huzaliwa na mizinga? Mimi nilikuwamo. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nachunga ng'ombe."

"Basi nduguyo alikufa wewe ukichunga ng'ombe. Mpe jina lake."

Nikamsikia Babu Mdogo akipenga kamasi. Kisha akasema, polepole, "Simiyu amwite Wafula. Na tukate mgomba, tuuzike mahali pa mwili wake."

Kukhu, nyanya yetu, ameitwa mke wa mtoro tangu ujana wake, Kaka, na hakuwahi kujibu. Sasa ni mjane. Nenda Bungoma na wembe mpya, anyolewe kama wajane wengine, mchana, uani, na wale waliomcheka kisimani wapewe viti vya mbele.

Msalimie Mama, na Wifi aliyetuletea jina nyumbani. Shangazi wa Webuye, yule mliaji wetu mkuu, mwambie aje na sauti yote. Safari hii tuna wa kumlilia.

Ni mimi dada yako,
Nekesa